Orodha Nyuma ya Daftari la Mizani

Mnada wa pili ulipolipa, mama alinunua mabati,
mjomba Chinduli akanunua spika mbili na deni jipya,
mimi nikafungua daftari la mizani, ukurasa wa nyuma,
pale pasipo na kilo za mtu,
nikaandika: kompyuta.
Nikaikata.
Nikaandika: vipande vya kompyuta.

"Si ununue iliyokwisha kuungwa?"
Zipo Mtwara madukani, zimeviringishwa nailoni kama maharusi.
Mjomba, nyumba hii tuliinunua imekwisha?
Tofali mwaka juzi, mlango mwaka jana,
na dirisha la jikoni hadi leo ni gunia.

Usiku nilisoma kwenye simu, bando likiyeyuka.
Nikajua kwamba prosesa ina miguu
elfu moja na mia tatu na ushei,
na mazabodi ina matundu yake,
na mguu usio wa tundu hilo
hauingii hata kwa dua.
Nikafuta mistari minne. Nikaandika upya miwili.

Nurdini wa Chikongola, mwenye vitu vya mtumba, akanipigia:
"Dada Somoe, chukua kadi ya picha hii,
utaona hadi vinyweleo vya mchezaji."
Mimi nitaona risiti, Nurdini.
Nitaona barua za kuomba kiwanja, vyeti vya kliniki,
mialiko ya unyago yenye maua pembeni.
Nipe prosesa inayojichorea yenyewe.
Akacheka. Akapunguza elfu tano. Nikajua alikuwa amepandisha kumi.

Kwenye pawasaplai sikutaka kusikia la mtu.
Umeme wa Newala huingia bila hodi, hutoka bila kuaga;
friji ya Bi Esha Nankoma ilikufa Idi ya pili
na nyama ya watu ndani.
Nikapanda basi, nikashuka Mtwara, nikaingia dukani kwake.
Masanduku mawili, yote yameandikwa wati mia tano.
Nikayainua, moja kila mkono.
Miaka sita napima korosho za watu:
najua gunia lililolowanishwa,
najua gunia lenye mawe katikati,
na najua chepesi kinachojiita kizito.
"Hili la kushoto lina hewa," nikamwambia.
Nurdini akaangalia dari.
Nikachukua la kulia, nikakata ramu nusu kulilipia.

Feni, moja tu. Baridi ya huku juu ni ya bure,
ukungu wa Julai hufika hadi kwenye sukari.
Ila salfa! Mwezi wa sita, mabomba yakianza kunguruma mashambani,
hata chai huwa na ladha ya kiberiti.
Kwa hiyo kasha lenye matundu madogo,
na juu ya matundu, kipande cha chandarua cha zamani,
nimekipinda mara mbili, nimekishona kwa mkono.

Vilikuja kwa basi ndani ya boksi la biskuti.
Nikavipanga mkekani. Nikashika nondo ya dirisha
ili umeme wa mwilini mwangu uondoke kwanza.
Mama alishika tochi.
"Hiki ndicho akili yake?"
Ndicho.
Akakitazama kiganjani mwangu, kidogo, bapa.
"Mabati sita," akasema, na hakukigusa.

Saa nne usiku nikabonyeza.
Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka.
Mama akapiga kigelegele, jirani akagonga ukuta.
"Haya, picha iko wapi?"

Nikaitazama skrini, nyeusi kama chungu.
Nikatazama nyuma ya skrini.
Nikafungua daftari, nikapita kwa kidole mstari kwa mstari,
hadi chini, hadi pasipo na kitu.
Basi la kesho linatoka Mtwara saa mbili.

Nilinyoosha mkono kuizima, mama akanishika.
Ilikuwa ikivuma taratibu gizani,
na upepo wake mdogo ulitikisa chandarua.
"Iache kwanza," akanong'ona. "Ina jambo inaliwaza."

Nikachukua kalamu:
waya wa skrini, mita moja na nusu.